Jua la Sabato

Asubuhi za kuosha wimbi, Mokeira aliamshwa na sauti ya maji kabla ya sauti ya jogoo. Mama yake, Nyanchera, alikuwa tayari uani, kanga imefungwa kiunoni, akimimina wimbi, ule ulezi wa uji, katika sufuria kubwa. Wimbi huo aliununua kwa wakulima wa upande wa Kenyenya, ambako watu huupura juu ya ardhi tupu. Kwa hiyo ulikuja na mchanga. Mama aliuzungusha majini kwa mkono, akaumimina polepole katika beseni, na mchanga ukabaki kwenye kitako cha sufuria.

"Tazama," alisema, akimwonyesha Mokeira mchanga uliobaki. "Huu ungekuwa katika meno ya mtoto wa mtu."

Kisha walitandaza turubai na kuanika wimbi. Mokeira aliugeuzageuza kwa viganja na kufukuza kuku wa jirani. Kufikia saa sita ulikuwa mkavu. Mama alichukua punje moja, akaiuma, na ikivunjika kwa mlio mkali alisema, "Haya, tuanue." Saa nane mvua ilinyesha.

Hivyo ndivyo siku za Marani, kijijini kwao, zilivyokuwa. Mvua ilikuwa na adabu yake. Asubuhi iliwaachia watu wafanye kazi, na alasiri ikachukua zamu yake. Watu walipanga kila kitu kwa kuifuata: kahawa, mahindi, nguo, hata harusi.

Unga wa Nyanchera uliuzwa Kisii mjini, katika duka la mama mmoja Mhindi aliyeitwa Chandrakala. Ulikuwa na nafasi yake kwenye rafu, karibu na majani ya chai, na wateja waliuita "ule unga usio na mchanga". Kwa Mokeira, nafasi ile kwenye rafu ilikuwa na maana nyingine kabisa.

Baba yake alipofariki, mama alikwenda Kericho kuchuma majani ya chai. Mokeira na mdogo wake Ratemo walipelekwa kwa shangazi yao huko Tabaka. Shangazi hakuwatesa. Aliwapa chakula na kuwafulia nguo. Lakini kutwa nzima Mokeira alisikia patasi za wachongaji zikigonga mawe, na kila mlio ulimfanya ahesabu saa ambazo mama hakuwapo. Mama alikuwa amewaachia leso yake ya kichwani. Mokeira aliinusa kila jioni, hadi siku moja aliponusa akakuta inanuka sabuni ya shangazi. Siku hiyo alilia nyuma ya nyumba na hakumwambia mtu sababu.

Chandrakala alipokubali kuuza unga wa Nyanchera, ndipo mama aliporudi nyumbani na kuwachukua watoto wake. Mokeira alikuwa na umri wa miaka tisa wakati huo. Sasa alikuwa na kumi na miwili, na bado aliamka usiku mwingine kusikiliza kama mama anapumua chumba cha pili.

Ukafika mwisho wa mwaka wa 1997, mwaka wa mvua iliyoitwa Elinino. Redioni walisema bahari ya mbali imepata joto na majira yameharibika. Watu wa Marani hawakuiona hiyo bahari. Walichoona ni kwamba mvua imesahau adabu. Ilianza alfajiri, ikapumzika kidogo kama mtu anayevuta pumzi, ikaendelea hadi usiku. Nguo zilikaa kwenye kamba siku nyingi zikinuka. Mahindi yaliota yakiwa bado kwenye mabua. Mokeira alitamani asubuhi za zamani kama mtu anavyomtamani ndugu aliyesafiri.

"Nisipopeleka unga safari hii," mama alisema jioni moja, akitazama moto, "Chandrakala ataweka ule wa pakiti za kiwandani. Rafu ya duka haikai tupu. Nami nitalazimika kurudi Kericho."

Alisema kwa sauti ya kawaida tu. Lakini Mokeira aliweka chini bakuli lake la uji, na hakulimaliza.

Alhamisi iliyofuata kulipambazuka kweupe. Mama alitazama mbingu upande huu na upande ule, akaamua kuosha wimbi. Hawakuwa wamemaliza kuuanika mvua ikarudi. Waliuanua mbio, wakautandaza juu ya mikeka ndani ya nyumba. Ijumaa ilinyesha kutwa. Jua lilipotua, ambalo hata halikuonekana likitua, mama aliosha mikono, akawasha taa, akawakusanya watoto kuikaribisha Sabato kwa wimbo na sala. Wimbi ulikuwa bado na unyevu.

Jumamosi asubuhi Mokeira alifungua mlango, na jua likampiga usoni.

Lilikuwa jua zima, la njano, lile la zamani. Migomba ilimeta. Moshi mwembamba wa mvuke ulipanda kutoka kwenye mapaa. Ng'ambo ya ua, Mama Omosa, jirani yao Mkatoliki, alikuwa ameshatandaza mahindi yake na alikuwa akiimba.

"Mama Mokeira!" aliita. "Bwakire, kumekucha! Umeona Mungu alivyotukumbuka? Toa wimbi!"

Nyanchera alikuwa amesimama kizingitini na Biblia mkononi. Alilitazama jua kwa muda.

"Leo ni Sabato, Mama Omosa."

"Basi nyinyi nendeni kanisani. Mimi nitakuanikia. Mimi Sabato hainijui."

Mama alicheka kidogo, akatikisa kichwa. "Asante, dada yangu. Lakini kazi yangu ikifanywa kwa mkono wako, bado ni kazi yangu."

"Haya. Mimi sitabishana na Wasabato. Mnashinda kwa kunyamaza."

Ratemo alikuwa na homa kidogo, kwa hiyo mama alimwacha Mokeira amtunze. "Mpe maji. Akitetemeka, muwashie moto, hilo ni tendo la huruma," alisema. Kisha akashika njia ya kanisani, polepole, bila kugeuka kutazama uani.

Mokeira alikaa mlangoni. Nyuma yake wimbi ulikuwa umeanza kutoa harufu ya chungu cha pombe. Mbele yake jua lilikuwa likipotea bure juu ya uwanja mtupu. Alifikiria rafu ya Chandrakala. Alifikiria patasi za Tabaka. Akainuka.

Alitandaza turubai, akatoa wimbi mkeka kwa mkeka, akaueneza.

"Aa!" Mama Omosa alipaza sauti kutoka ng'ambo. "Leo umehamia kwetu? Nikuitie padri akubatize?"

"Mama Omosa, tafadhali usiseme," Mokeira aliomba.

Mama Omosa aliacha kucheka. "Haya, mwanangu. Mimi naangalia mahindi yangu."

Lakini jua lile halikuwa la zamani, lilifanana nalo tu. Kabla ya saa sita wingu jeusi lilipanda kutoka upande wa ziwa, na matone yakaanza. Mokeira alianua akiwa anakimbia. Wimbi wa pembeni mwa turubai ulikuwa umekauka. Wa katikati, uliokuwa umelala mzito, ulikuwa bado baridi mkononi.

Hapo alipaswa kuurudisha kwenye mikeka. Lakini angeurudisha, mama angeugusa na kuuliza. Kwa hiyo alifanya jambo lingine. Alijaza gunia kwa wimbi wa katikati, na juu kabisa akaweka ule wa pembeni uliokauka vizuri. Akafunga. Akafuta turubai na kulikunja kama lilivyokuwa.

Jioni, jua lilipotua na Sabato ikaisha, mama aliuliza habari ya wimbi.

"Umekauka, Mama," Mokeira alisema, akimtazama Ratemo badala ya mama. "Ratemo alitetemeka, nikawasha moto. Nilisogeza mikeka karibu. Joto likaukausha."

Mama alifungua gunia, akachukua punje ya juu, akaiuma. Ilivunjika vizuri. Akafumba macho.

"Mungu wangu," alisema taratibu. "Umetumia homa ya mtoto kunikaushia wimbi."

Katika sala ya usiku alishukuru kwa jambo hilo kwa maneno mengi. Mokeira alipiga magoti kando yake, uso ukiwaka.

Jumapili hawakusaga. Barabara ilikuwa imekatika na mashine ya Cleophas, mwenye kinu cha posho mili, haikuwa na dizeli. Jumatatu pia. Jumatatu jioni Mokeira aliingiza mkono ndani kabisa ya gunia, akautoa haraka. Ndani kulikuwa na joto, kama ubavu wa ng'ombe aliyelala. Alijua maana yake: wimbi ulikuwa ukioza. Mama alikuwa jikoni, hatua chache tu, akimwimbia Ratemo. Mokeira alitamani sana kwenda kwake. Badala yake akalifunga gunia.

Jumanne dizeli ilipatikana. Cleophas alilalamika kwamba unga unashika kwenye chekeche, lakini siku hizo alilalamikia unga wa kila mtu, na moshi wa dizeli ulifunika kila harufu. Jumatano Nyanchera na Mokeira walipeleka unga mjini. Shule zilikuwa zimefungwa, na mama alitaka msaidizi wa kubeba.

Duka la Chandrakala lilikuwa na harufu ya bizari, sabuni na mafuta ya taa. Chandrakala mwenyewe aliketi nyuma ya kaunta, miwani puani, bintiye Kavita akipima sukari.

"Karibu, Mama Mokeira! Nilidhani umechukuliwa na maji."

"Bado nipo, Mama. Mungu ametulinda."

Chandrakala alifungua pakiti moja, kama alivyofanya kila mara, akachota unga kwa ncha ya kijiko. Akanusa. Akanusa tena. Akaweka kidogo kwenye ulimi, kisha akageuka, akautema katika kitambaa.

"Mama," alisema kwa upole. "Leo hii unga iko na ukungu."

"Haiwezekani."

"Onja."

Nyanchera alionja. Uso wake ulibadilika, lakini alijikaza. "Labda ni mashine. Wimbi ulikuwa mkavu. Niliuma mwenyewe."

"Mimi na wewe tumefanya kazi miaka ngapi? Hii si mashine. Hii wimbi ililala na maji. Mtoto akinywa hii, tumbo itamuua."

"Mama Chandrakala, sijawahi kukudanganya." Nyanchera aliinua mkono wa kuume. "Mbele za Mungu aliye hai, naapa..."

"Mama, usiape!"

Kavita aliacha kupima sukari. Mokeira alikuwa ameushika mkono wa mama na kuuvuta chini.

"Usiape, Mama. Haukukauka. Niliuanika Jumamosi, kwa jua la Sabato. Mvua ikaja. Nikaweka mkavu juu na mbichi chini. Hakukuwa na moto. Ratemo hakutetemeka."

Mteja mmoja aliyekuwa akichagua kiberiti alijifanya anasoma maandishi ya boksi.

Nyanchera aliufunga mdomo wa pakiti polepole, akaikunja vizuri, ingawa haikuwa na maana tena.

"Nisamehe, Mama Chandrakala," alisema. "Umesikia. Nitaubeba nirudi nao."

Chandrakala alivua miwani. "Hata mimi, papadi yangu yote, ile mikate myembamba ya dengu niliyoanika juu ya paa, imeota ndevu kama babu. Nimetupa. Hii jua ya siku hizi inadanganya mtu mzima, sembuse mtoto." Alitazama rafu. "Lakini mwenye pakiti za kiwandani alikuwa hapa jana. Yule akishaingia, hatoki. Sasa sikia. Hapo kwako nitaweka biskuti. Biskuti naweza kuondoa siku yoyote. Lete unga kidogo, hata pakiti kumi tu, lakini kavu. Lete kabla ya mwaka mpya. Baada ya hapo siwezi kungoja."

Safari ya kurudi mama hakuzungumza. Pikapu iliwaacha njia panda kwa sababu ya matope, wakatembea na mizigo mgongoni. Mokeira alitamani agombezwe. Alitamani hata kuchapwa, maana kipigo kingekuwa sauti. Mara moja tu mama alisema, "Tutaongea. Si leo."

Walipofika, mama alimpa jembe. Mokeira alichimba shimo nyuma ya migomba, wakamwaga unga wote humo. Kuku wa Mama Omosa walikuja mbio. Mama aliwafukuza kwa fimbo.

"Wape basi kuku," Mama Omosa alisema kutoka ng'ambo ya ua. "Unazika chakula?"

"Ukungu ni sumu. Kisichomfaa mtoto wa Chandrakala hakiwafai kuku wako."

Mama Omosa aliingia uani, akasimama kando ya shimo. Alimtazama Mokeira, kisha Nyanchera. "Mimi nilimwona Jumamosi. Aliniomba nisiseme, nikanyamaza. Ningekuambia, tungeokoa hata nusu. Nisamehe na mimi."

"Mmekuwa wengi wa kusamehewa leo," Nyanchera alisema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mdomo wake ulilegea kidogo.

Jioni hiyo Mama Omosa alirudi na mumewe, Thadeus, ambaye alifanya kazi katika kiwanda cha kahawa cha ushirika. Thadeus alikuwa mtu wa maneno machache, na alizunguka uani akipiga hatua za kupima.

"Sisi kahawa hatuianiki chini," alisema. "Tuna meza za waya. Upepo unapita chini, hata jua lisipokuwapo. Mvua ikija, tunavuta nailoni juu. Shemeji, nina waya mkuukuu nyumbani, una matundu matundu lakini ukitandikwa gunia jepesi utashika wimbi."

"Utachukua muda gani kukauka?" mama aliuliza.

"Mrefu. Ile asubuhi moja ya zamani, isahau. Na lazima mtu akae hapo. Kufunika, kufunua, kugeuza. Ukilala, umeula wa chuya."

"Mtu huyo yupo," mama alisema bila kumtazama Mokeira.

Walijenga meza kwa nguzo za mkaratusi. Mokeira alishika misumari na Omosa, mtoto wa jirani, akashika mwisho wa waya huku akimtania: "Dobi wa wimbi! Leo unafulia nani?" Mokeira hakumjibu. Mama aliosha wimbi kidogo tu, kiasi cha beseni moja, akauacha mikononi mwa binti yake.

Likizo yote iliyobaki Mokeira aliishi kando ya meza ile. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia ya nailoni kichwani, akisikiliza. Alijifunza sauti ya mvua ikiwa bado kwenye migomba ya Mama Omosa, kabla haijafika kwao. Alifunika. Iliponyamaza alifunua. Ijumaa jioni aliifunika meza na kuiacha hadi Sabato iishe. Wenzake walipita wakienda mtoni kucheza, wakamwita, naye akatikisa kichwa. Mikono ilikauka na kupasuka kwa kugeuza. Alipochoka sana, alitazama juu akilitafuta lile jua la zamani, akawaza kama huko liliko linawakumbuka watu wa Marani.

Beseni la kwanza lilichukua karibu wiki nzima. Mama alipokuja kulipima, hakuchukua punje ya juu. Alimwambia Mokeira atumbukize mkono hadi chini kabisa na kuuma mwenyewe.

Mokeira aliuma. Alitafuna. Akauma nyingine. Kisha akasema, "Bado, Mama. Inavunjika, lakini si sana. Kesho."

Mama akavuta nailoni juu ya meza. "Basi kesho," alisema.

Siku mbili kabla ya mwaka mpya walifika kwa Chandrakala na pakiti kumi na mbili. Chandrakala alinusa, akaonja, akaonja tena. Alimwita Kavita tu na kumwambia, "Ondoa biskuti."

Walipokuwa wakipanda mlima kuelekea nyumbani, mvua nyembamba ikiwalowesha mabega, mama alisimama kupumzika.

"Sasa tuongee," alisema. "Kwa nini ulifanya vile?"

Mokeira alitazama matope miguuni. "Niliogopa utarudi Kericho."

Mama alifuta mvua usoni kwa upindo wa kanga, au labda haikuwa mvua.

"Mokeira, kuvunja Sabato ni kosa, na hilo ni kati yako na Mungu, nami siliingilii. Lakini wimbi haukuozeshwa na Sabato. Jioni ile ungeniambia, 'Mama, nimeuanika na haujakauka,' ningekukemea, na kisha tungeutandaza tena, wewe na mimi, usiku uleule. Uliozeshwa na kufichwa. Uliufungia gizani pamoja na joto lake, na nikaenda kuwapelekea watu sumu nikimshukuru Mungu. Karibu niape kwa jina lake! Uongo ulioutunga ili nibaki ndio uliokaribia kunipeleka Kericho."

"Nisamehe, Mama."

"Nilikusamehe tangu dukani, uliponishika mkono. Ulisema kweli mbele za watu, na hilo si jambo dogo." Aliinua kikapu chake kitupu. "Majira haya mapya siyajui, mwanangu. Siwezi kukuahidi kwamba sitakwenda Kericho kamwe. Hivyo nami nisikudanganye. Lakini nikilazimika kwenda, utakuwa wa kwanza kujua, na nitakuambia nikikutazama machoni. Nawe ukiwa na hofu, usiifungie guniani. Ilete kwangu ikiwa bado mbichi. Tutaigeuza pamoja."

Mokeira alimtazama machoni.

"Bado naogopa, Mama," alisema.

"Haya," mama alisema, akamshika mkono uliopasuka. "Nami pia. Twende, wimbi uko mezani na mvua kubwa inakuja."